Chupa Mbili za Babu: Hotuba Kuhusu Kinywaji cha Pai ya Matufaha

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, kaka na dada zangu mliotoka Kigoma, Mombasa, Uvira, Bujumbura na kwingineko hadi mkajikuta, kama mimi, katika milima hii ya North Carolina: wakubwa wote shikamooni, na wadogo hamjambo.

Mwenyekiti aliponipigia simu wiki tatu zilizopita hakuniuliza kama ningependa kuzungumza. Aliniarifu tu kwamba zamu yangu imefika, na kwamba watu wanataka kusikia habari za "ile pombe ya wakwe zako inayonukia kama keki". Nilikubali kwa sharti moja, kwamba nitazungumza kama mpishi wa nyumbani na mkwe wa watu, kwa kuwa si mwanakemia wala mfanyabiashara, na sina leseni ya kuuza hata kijiko kimoja cha kinywaji hiki. Vilevile nawatoa wasiwasi ndugu zangu Waislamu, walokole na wengine wote msiotumia kilevi. Juu ya meza ile mnaona sufuria mbili. Ya kushoto haijaguswa na tone la kilevi, na nitakapofika kwenye mapishi mtaona kwamba sehemu kubwa ya kazi hukamilika kabla kilevi hakijaingia jikoni.

Kinywaji chenyewe huitwa kwa jina la pai ya matufaha. Watu wa Pwani watanisamehe, kwa sababu tofaa lao ni tunda jingine kabisa. Mimi nazungumzia lile ambalo vijana wa mjini hulitaja kwa jina la epo. Maji ya tunda hilo huchemshwa polepole pamoja na sukari, mdalasini na karafuu, yaani viungo vilevile vinavyotiwa ndani ya pai, kisha hupozwa, huchanganywa na kilevi kikali kisicho na ladha yake mwenyewe, na mwisho huwekwa ndani ya zile chupa pana za kioo zenye mfuniko wa bati wa kuzungusha, ambazo John Landis Mason alizipatia hataza mwaka 1858. Humo hukaa wiki kadhaa hadi makali yatulie.

Mimi nimezaliwa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako mtoto hujua harufu ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kabla hajajua kusoma. Nilipooa katika familia ya milima ya huku, nilidhani nimetoka katika dunia moja na kuingia nyingine, lakini vuli ya kwanza ilinionyesha jambo nililolifahamu tangu utotoni: mama mkwe amesimama mbele ya sufuria kubwa, hataki kuulizwa maswali, na mtu yeyote akithubutu kumwuliza kipimo, anajibiwa kwa ishara ya kiganja. Bibi yangu alipokuwa akipika mso, yaani uji wa ulezi, kwa ajili ya mbege, alijibu hivyohivyo.

Tofauti ni kwamba wakwe zangu wana karatasi. Imehifadhiwa ndani ya kopo la biskuti, ina madoa ya sukari iliyoungua, na iliandikwa kwa penseli na bibi wa mke wangu. Nikiitafsiri neno kwa neno inasema hivi: galoni moja ya saida, galoni moja ya maji ya matufaha, sukari nyeupe vikombe viwili, ya kahawia kimoja, mdalasini vijiti nane, karafuu kidogo, chemsha, poza, tia chupa mbili za babu.

Hapo kwenye mstari wa mwisho ndipo palipo na hotuba yangu yote ya leo. Chupa mbili za babu, za nini? Kila aliyeisoma karatasi ile wakati inaandikwa alijua jibu, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuliandika. Babu alikuwa na chupa zake, na zilijulikana. Leo babu hayupo, chupa hazipo, wala hakuna katika familia anayeweza kusema kilevi kile kilikuwa na nguvu kiasi gani. Mimi, kwa uhodari wa mkwe mgeni, niliamua kwamba chupa ni chupa. Nilinunua vodka ya kawaida ya asilimia 40, nikatia chupa mbili za robo galoni kama nilivyoagizwa, nikapanga mitungi yangu kwenye rafu ya gereji na kuisubiri Krismasi. Wiki ya tatu vifuniko vilikuwa vimefura kama mashavu ya mpuliza tarumbeta, na kimoja kikafyatuka usiku, kikamwaga sukari na mdalasini juu ya vifaa vyote vya baba mkwe. Mama mkwe alisimama mlangoni akatazama, akasema tu kwamba za babu hazikuwa na tabia hiyo.

Ili tuelewe babu alikuwa na nini ndani ya chupa zake, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Milima hii, iitwayo Appalachia, ilikaliwa katika karne ya 18 na wahamiaji wengi kutoka kaskazini mwa Ireland, Scotland, Uingereza na Ujerumani, na baadhi yao walikuja na ujuzi wa kukeneka, yaani kuchemsha pombe iliyochachuka, kuunasa mvuke wake na kuupoza uwe kimiminika kikali. Walilima mahindi, lakini njia za kufikia masoko zilikuwa mbaya, na gunia la mahindi likigeuzwa pombe kali hubebeka kwa urahisi, haliozi, na lina bei. Mwaka 1791 serikali changa ya Marekani, kwa ushauri wa waziri wake wa fedha, Alexander Hamilton, ilitoza kodi pombe hiyo. Wakulima wa magharibi ya Pennsylvania waliasi, na mwaka 1794 Rais George Washington aliongoza mgambo wapatao 13,000 kwenda kuwatuliza. Kodi ilifutwa mwaka 1802, ikarudishwa kwa kudumu mwaka 1862 ili kugharimia Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, na tangu hapo haijaondoka.

Asiyetaka kulipa kodi hufanya kazi usiku. Ndiyo maana pombe hiyo ikapewa jina la mwanga wa mwezi, nami nikizungumza na wenzangu kwa Kiswahili naiita ya mbalamwezi, jina zuri kuliko kitu chenyewe, kwa sababu kwa kweli ni gongo. Marufuku ya pombe ya nchi nzima, iliyodumu kuanzia mwaka 1920 hadi 1933, ilizidisha mahitaji, na wapikaji wengi wakaacha mahindi wakatumia sukari, ambayo huchachuka haraka na hailazimishi kusubiri mavuno. Madereva waliozoea kuwakimbia maofisa wa kodi kwenye barabara za kona kali waligundua kwamba watu wangelipa kuwatazama wakishindana, na baadhi yao wakawa nyota wa mbio za magari. Junior Johnson, wa kaunti ya Wilkes hapa hapa North Carolina, alikamatwa mwaka 1956 kwenye mtambo wa baba yake, akatumikia kifungo cha miezi 11, na mwaka 1986 Rais Ronald Reagan akamsamehe. Kila mtu huku ana hadithi ya namna hiyo, na kila hadithi ina gari lililokuwa na kasi kuliko la polisi.

Ukienda Gatlinburg, upande wa Tennessee, ambako sheria ililegezwa mwaka 2009 na kiwanda cha kwanza cha kisheria cha pombe ya mbalamwezi kikafungua milango mwaka uliofuata, utauziwa kinywaji cha pai ya matufaha kana kwamba kila babu wa milimani alikuwa akikinywa kibarazani tangu enzi za Washington. Mimi nina mashaka. Babu aliyekuwa akipika kwa ajili ya kuuza hakuwa na muda wa kununua mdalasini. Kwa jinsi ninavyoisoma karatasi yetu, kinywaji hiki ni kazi ya akina mama waliopewa chupa ya kitu kikali kinachounguza koo, wakaamua kukifanya kiwe cha kukaribishia wageni. Utamu uliwekwa ili kuficha ukali. Na hilo ndilo linalotupasa kuwa waangalifu, kwa sababu kinachoficha ukali huficha na ubaya.

Maana pombe za akina babu hazikuwa salama zote. Wapo waliopozea mvuke ndani ya rejeta kuukuu za magari, zilizounganishwa kwa madini ya risasi, na risasi hiyo ikaingia kwenye pombe, ikaingia na kwenye damu. Wapo waliochanganya methanoli, spiriti ya viwandani yenye sumu, ili kuongeza ujazo. Mwaka 1951 mjini Atlanta watu zaidi ya 300 waliugua kwa pombe ya namna hiyo na 41 wakafa. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda Atlanta kwa mfano. Wenzetu wa Nairobi wanakumbuka Novemba 2000, ambapo watu zaidi ya 100 walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Methanoli haina rangi, na ndani ya kinywaji chenye sukari na karafuu ulimi hauwezi kuitambua. Ule mtindo wa kuwasha pombe kwa kiberiti na kusema kwamba moto wa samawati ni dalili ya usalama, ambao nimeuona Moshi na nimeuona tena huku, hauthibitishi chochote, kwa kuwa methanoli nayo huwaka kwa mwali wa samawati hafifu. Moto unakuonyesha kuwa kuna kitu kinachowaka, basi.

Kwa hiyo nasema waziwazi: katika nyumba yetu hakuna mtambo, na sitamfundisha mtu kuutengeneza. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamruhusu mtu mzima kuchachusha nyumbani bia au mvinyo hadi galoni 100 kwa mwaka, au 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi, mradi asiuze. Ruhusa ya bia ilitokana na sheria iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978. Kukeneka bila kibali, hata kwa matumizi yako mwenyewe, ni kosa la jinai ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000. Kwa mgeni ambaye makaratasi yake ya ukaazi bado yako mezani kwa ofisa, hilo si jambo la kujaribu. Watanzania wenzangu mnajua kwamba hata kwetu sheria ya mwaka 1966 ilikataza kupika gongo bila leseni, na sheria yenyewe ikaiita pombe hiyo "moshi", jambo ambalo sisi wenyeji wa mji wa Moshi tumelivumilia kwa uungwana mkubwa. Tunachofanya sisi ni kununua kilevi chenye lebo kutoka duka lenye leseni, na kukitia ladha nyumbani.

Sasa twende jikoni. Jambo la kwanza ni neno saida, ambalo limewapoteza wengi. Kwa Mwingereza saida ni pombe. Kwa Mmarekani wa huku, saida ya vuli ni maji ya matufaha yaliyokamuliwa tu, hayakuchujwa, yana rangi ya udongo wa kahawia na hayana kilevi. Ile iliyochachuka huitwa kwa jina la ngumu. Karatasi inataka ile isiyochachuka. Kaunti ya Henderson, iliyo jirani nasi, ndiyo inayoongoza kwa matufaha katika jimbo hili, na kuanzia Septemba hadi Oktoba saida huuzwa kandokando ya barabara kama sisi tunavyouza machungwa Muheza. Uliza imekamuliwa kwa aina gani. Saida ya matufaha matamu pekee itakupa kinywaji kinachokinaisha; tafuta iliyochanganywa na aina chachu, au nunua matufaha chachu machache ya kijani, uyakate vipande na kuyatia ndani ya sufuria pamoja na maganda yake.

Mtauliza kwa nini karatasi inataka galoni moja ya saida na galoni moja ya maji ya matufaha yaliyochujwa, wakati tunda ni lilelile. Mimi niliuliza, nikajibiwa kwa kiganja. Jibu nililipata mwaka nilioamua kutumia saida tupu, nikidhani naboresha. Saida isiyochujwa ina pektini nyingi, ile inayogandisha jemu, na pektini ikikutana na kilevi kikali hujikusanya ikawa nyuzinyuzi kama pamba iliyolowa. Haidhuru, lakini mgeni akiletewa glasi yenye mawingu yanayoelea atadhani kuna kitu kimeoza. Nusu kwa nusu, mwili wa saida unabaki na mawingu yanapungua, na machache yanayotokea hushuka chini baada ya siku mbili tatu, ukaweza kumimina cha juu taratibu. Bibi aliyeandika kwa penseli hakuwa amesoma kemia, lakini nusu yake kwa nusu ilikuwa imepimwa kwa miaka.

Galoni ya huku ni lita 3.8 pungufu kidogo, kwa hiyo mbili ni lita 7.6 hivi. Tia ndani ya sufuria pana ya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu uchachu wa matufaha hula alumini na kuacha ladha ya sarafu. Ongeza sukari ya kahawia kikombe kimoja kilichoshindiliwa. Kuhusu vikombe viwili vya sukari nyeupe, hapa ndipo ninapotofautiana na karatasi. Lita moja ya maji ya matufaha tayari ina sukari ya asili inayokaribia gramu 100, na mimi naona kikombe kimoja kinatosha. Mama mkwe hakubaliani nami, na kwenye sufuria mbili mlizoziona ndiye aliyeshinda.

Viungo viwe vizima. Mdalasini wa unga na karafuu ya unga havichujiki vyote. Hubaki chini ya chupa kama tope, na kadiri siku zinavyokwenda tope hilo linazidi kutoa uchungu. Vijiti nane vya mdalasini ni sawa. Karafuu "kidogo" ni neno ambalo limeharibu sufuria nyingi, nami baada ya majaribio nimeliandika pembeni mwa nakala yangu kwa kalamu ya wino: punje 12 kwa sufuria nzima, zisizidi. Karafuu haisubiri ruhusa. Mafuta yake ndiyo yaleyale ambayo daktari wa meno hutumia kutia ganzi, na kinywaji kilichozidiwa na karafuu kinakutia ganzi mdomoni kabla hujaonja tufaha.

Niruhusuni nisimame hapa kwenye karafuu kidogo, maana humu kuna Wazanzibari na nisipoitaja nitaulizwa nje. Karafuu ilipandwa Unguja na Pemba mwanzoni mwa karne ya 19, ikasukumwa mbele na Sultani Seyyid Said, na kufikia katikati ya karne hiyo Zanzibar ilikuwa ikiongoza duniani. Wamarekani walikuwa miongoni mwa wateja wa mwanzo kabisa. Walitia saini mkataba na Seyyid Said mwaka 1833, wakaweka balozi mdogo Zanzibar mwaka 1837, na merikebu za mji wa Salem, Massachusetts, zikawa zinaleta nguo za pamba na kuondoka na pembe, sandarusi na karafuu. Nguo zile ndizo tulizoziita amerikani, na hadi leo bibi zetu wanalijua neno hilo. Kwa hiyo mama mkwe anapotia karafuu sufuriani na kuniambia kwamba hii ni ladha ya milima yao, mimi hutabasamu na kukoroga.

Washa moto mdogo. Sufuria isitokote kwa nguvu, ifukute tu kwa dakika 45 hadi saa nzima, ikiwa imefunikwa nusu, kwa sababu moto mkali hufukuza harufu mbichi ya tunda na kuacha ladha ya jemu. Kisha chuja vipande, opoa karafuu zote, bakiza vijiti viwili au vitatu vya mdalasini, na uzime. Hapa, ndugu zangu msiotumia kilevi, kazi yenu imekwisha. Tieni kijiko kidogo cha vanila, na kamueni ndimu nusu kama mnapenda uchachu, na mnywe ikiwa moto jioni ya baridi. Ndiyo hiyo sufuria ya kushoto. Watoto wetu nyumbani wanaipenda kuliko soda, na mimi mwenyewe, nikiwa na zamu ya alfajiri, ndiyo ninayokunywa.

Kwa wanaoendelea, neno linalofuata kwenye karatasi ni "poza", na ni neno moja lililobeba uzito kuliko mengine yote. Kilevi huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi. Ukikimimina kwenye sufuria yenye joto la nyuzi 90, sehemu yake inaruka kama mvuke, na mvuke huo ukikutana na jiko la gesi linalowaka, umeleta moto usoni mwako. Mama mkwe huibeba sufuria hadi kibarazani, anaiacha usiku kucha, na kilevi hakifunguliwi ndani ya nyumba hadi jiko lizimwe na asiwepo mvuta sigara. Katika hili nimemwiga bila kubishana.

Na sasa zile chupa mbili za babu. Baada ya kuchemka tunabaki na lita 7.5 hivi, na chupa mbili za robo galoni ni lita 1.9. Kama kilevi kina asilimia 95, mchanganyiko wote utakuwa na asilimia 19. Kama ni kile cha asilimia 75.5, ambacho ndicho tunachokinunua sisi kwa kuwa majimbo kadhaa hayaruhusu kile cha 95, utapata asilimia 15. Kilevi cha asilimia 50 kitakupa 10, na vodka ya 40 itakupa 8. Karatasi ni ileile, chupa ni zilezile, sufuria ni ileile, lakini vinywaji ni vinne tofauti. Kile cha asilimia 19 hukaa, kwa sababu hamira nyingi haziishi katika nguvu hiyo. Kile cha asilimia 8, kilichojaa sukari na kuwekwa kwenye rafu ya gereji, ni mwaliko kwa kila hamira iliyopita na upepo, na ndiyo maana vifuniko vyangu vilifura. Sikukosea mapishi. Nilikosea babu.

Tangu siku ile nimeandika kwenye nakala yangu asilimia badala ya chupa. Tunalenga asilimia 20. Kwa lita 7.5 za maji yaliyopikwa tunatia lita 2.7 za kilevi cha asilimia 75.5. Anayetaka kutumia vodka ya kawaida lazima atie kiasi kilekile cha vodka na cha maji ya matufaha, lita kwa lita, na kwa kuwa vodka nyingi hivyo itafifisha ladha, achemshe maji yake muda mrefu zaidi hadi yapungue kwa robo, na sukari aipunguze. Mjihadhari pia na namba zinazoandikwa kwenye chupa za huku: ile namba kubwa mbele ni asilimia mara mbili, kwa hiyo 151 ni asilimia 75.5, na 100 ni asilimia 50. Nimeshamwona mtu mzima akiikataa chupa ya 100 akidhani ni spiriti tupu ya hospitali.

Ukishachanganya, jaza chupa zilizooshwa kwa maji yanayochemka, zifunge, uziweke mahali penye giza na baridi. Baada ya wiki moja toa vile vijiti vya mdalasini vilivyobaki. Vikiachwa miezi miwili hutoa ute, na kinywaji kinavutika kama bamia. Wiki ya tatu kinaweza kunyweka, lakini ya nane ni bora zaidi, kwa sababu ukali wa kilevi na utamu wa tunda huhitaji muda kuzoeana. Sisi tunapika mwishoni mwa Septemba na kufungua wiki ya Krismasi.

Liko jambo ambalo nisingependa kulipita kwa haraka. Kinywaji hiki kinanyweka kama maji ya matunda, na hapo ndipo kinapowaumbua watu. Huku kipimo kimoja cha kawaida cha kilevi ni gramu 14 za kilevi halisi, yaani mililita 18 hivi. Katika kinywaji cha asilimia 20, kipimo hicho ni mililita 90 tu, chini ya nusu ya kikombe cha chai. Kikombe kizima kina karibu vipimo vitatu, na chupa moja ya robo galoni ina karibu 11. Shemeji yangu alikunywa vikombe viwili akisimulia habari za mpira, akasimama ili achukue cha tatu, akakaa tena bila kupenda. Sisi sasa tunatumia vikombe vidogo vya kahawa, vile vya finjani, ambavyo nilivileta kutoka Dar es Salaam, na funguo za magari hukusanywa mlangoni katika kikapu.

Chupa zote zilizo mezani zina lebo niliyoiandika kwa mkono: tarehe ya kupika, aina ya kilevi na asilimia. Mfuniko mwekundu una kilevi, mfuniko mweupe hauna, na watoto wasisogee upande wa mwekundu. Mama mkwe amekaa kule nyuma, haelewi Kiswahili hata neno moja, lakini amesikia jina la Henderson na anajua ninamzungumzia yeye. Mkimfuata kuuliza kipimo cha sukari, mwangalieni kiganja. Asanteni sana kwa kunisikiliza, na karibuni mezani.